Mtunza Moto wa Zarju

Ami yangu Hormozdyar hakuwa mtu wa kuandikwa popote. Alikuwa na kipande cha shamba la mikomamanga pale mfereji unapochomoza kutoka chini ya ardhi, punda mmoja mkaidi, na koti la sufu alilolivaa kiangazi na kipupwe kwa madai kwamba linalozuia baridi linazuia na joto. Ukimwambia anatoka jasho, anakujibu jasho ni lake, wewe linakuuma nini. Hashindwi neno, huyo. Lakini muulize mtu yeyote wa Zarju, hata wale waliohamia Tehran na wale waliokwenda ng'ambo kwenye theluji, nani mkubwa wa kijiji, atamtaja yeye kabla ya mwenyekiti wa kamati. Maana yeye ndiye aliyetunza moto.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa haraka utaiona ndogo. Alfajiri anaoga, anasimama uani akielekea upande wenye mwanga, anafungua uzi mtakatifu wa kiunoni, anaomba, anaufunga tena. Anavaa nguo nyeupe na kofia nyeupe, anajifunga kitambaa puani na mdomoni, kwa kuwa pumzi ya binadamu haitakiwi kuufikia moto. Ndipo anaingia chumba cha ndani cha nyumba ya moto, anaufukua kutoka kwenye majivu na kuupa kuni. Jioni anaufunika tena. Sisi moto hatuuzimi. Tunaulaza, halafu tunauamsha, na mtoto wa Zarju akithubutu kupuliza mshumaa kwa mdomo wake, bibi yeyote aliye karibu ana ruhusa ya kumfinya sikio. Mimi nilifinywa mpaka leo nikiona keki yenye mishumaa naangalia pembeni.

Baba yake aliutunza, na babu yake aliutunza, na sote tuliambiwa kwamba moto ule haujawahi kupoa tangu wazee wetu walipoubeba kutoka kijiji kingine walipokuwa wakikimbia. Ami hakuwa na elimu ya kuhani. Kuhani wetu, Dinyar, anakaa mjini Yazd na huja siku za sikukuu na za misiba. Siku nyingine zote ni Ami na moto wake. Alikuwa anagonga kila ukuni kwa kidole na kuusikiliza kama umekauka sawasawa, na akiutilia shaka anaurudisha juani. Mke wake, marehemu Gowhar, alikuwa akisema kwamba laiti angekuwa ukuni, angalau angesikilizwa.

Siku za Ijumaa alasiri aliwakusanya watoto uani pale na kuwasimulia mambo ya dini. Kuhani naye hufundisha, lakini kwa kuhani watoto walikuwa wanasinzia. Kwa Ami walikuwa wanagombania kukaa mbele. Aliwaambia jinsi Zarathustra, akiwa na miaka thelathini, alivyokwenda mtoni kuchota maji ya sherehe. Maji ya ukingoni hakuyataka, akaingia mpaka katikati kwenye maji safi, na alipogeuka kutoka akamwona aliyesimama ukingoni aking'aa. Huyo akamchukua mpaka mbele ya Ahura Mazda, Mwenye Hekima, na huko akaelezwa kwamba ulimwengu una kweli upande mmoja na uongo upande wa pili, vinapambana tangu mwanzo, na kila mtu anachagua mwenyewe yuko wapi. Hakuna wa kukuchagulia. Fikiri vyema, sema vyema, tenda vyema. Kuna siku mtoto mmoja mjuvi akamuuliza kama dini yetu ndiyo hiyo tu, mbona rahisi. Ami akamwambia aijaribu hadi chakula cha mchana, halafu arudi kumweleza urahisi wake.

Alipenda sana kile kisa cha miaka kumi. Mtume wetu alihubiri miaka kumi, na katika miaka yote hiyo akampata mfuasi mmoja, naye ni binamu yake. Ami alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Anasema hebu fikiria hizo jioni, wawili wale wanatazamana, mmoja anasema tuko wengi leo. Kisha anaacha kucheka na kuwaambia watoto kwamba kama yule mtu angetaka wafuasi kwa haraka angesema uongo kidogo, watu wangejaa. Hakusema. Ndiyo maana sisi tupo.

Na walipomuuliza kama ni kweli tunaabudu moto, kama wanavyotucheka shuleni, hakukasirika. Alisema ukizungumza na mama yako unamtazama usoni. Mungu hajatuonyesha uso, basi tunautazama mwanga.

Nimesema haya yote ili ujue alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu ninalotaka kusimulia lilianzia kwenye macho yake.

Macho yake yalikuwa yanakufa. Mtoto wa jicho, yote mawili, na nyuma yake kitu kingine ambacho daktari wa mjini alikitikisia kichwa. Hilo la daktari tulilijua baadaye. Wakati huo hakuna aliyeambiwa, kwa kuwa kwetu mtunza moto anatakiwa awe mzima wa mwili na anayeona anachokifanya. Akiona kwamba hawezi, anavua kofia nyeupe mwenyewe na kumpa mwingine. Hakuna wa kumfukuza, na ndiyo ugumu wake, kwamba lazima useme kwa kinywa chako. Ami hakusema. Kila kitu katika nyumba ya moto alikijua kwa mikono, ngazi, mlango, koleo, chungu cha shaba kilichobeba moto, na alijiaminisha kwamba mikono inatosha. Pia hakuwa na wa kumpa kofia. Mwanawe yuko huko kwenye theluji na anauza magari.

Ni mtu mmoja tu aliyemwambia ukweli, naye alikuwa shemeji yake Keshvar, dada wa marehemu mke wake. Keshvar ni mwanamke mwenye mikono mikubwa na kauli fupi. Siku moja nyumbani kwangu, mbele ya wageni, Ami alikuwa akimmiminia mtu chai, na Keshvar akasema kwa sauti ile ile ya kuomba sukari, "Shemeji, unamimina mezani. Huoni, na kwenye moto huoni vilevile." Hakuna aliyecheka. Ami akaweka birika chini, akachukua fimbo yake, akaondoka. Toka siku hiyo hawakusalimiana. Wakikutana kichochoroni, Ami anasimama kusoma ukuta. Ukuta usio na kitu. Nilimwambia Keshvar kwamba angeweza kuyasema faraghani, akanijibu kwamba faraghani alishayasema, tena zaidi ya mara moja.

Ugomvi ule ulitukera wengi, maana Keshvar naye alikuwa na heshima yake katika mambo ya moto. Zamani kila nyumba ya Zarju ilikuwa na meko yake, na makaa yake ya kwanza yalitoka kwenye nyumba ya moto. Yalikuwa ndugu. Gesi ilipofika, tukaziacha meko zetu mmoja mmoja, mimi nikiwa wa mbele kabisa, na sioni aibu, mapafu yangu yalikuwa yamechoka. Keshvar alikataa. Aliendelea na meko yake na moshi wake, na watu wakitoka Tehran walikuwa wanapelekwa kwake kutazama. Kipupwe kimoja aliugua homa ya mapafu, akalazwa mjini, nyumba ikafungwa. Aliporudi, meko ikawaka. Alituambia kwamba aliyafunika makaa kwa majivu mengi kabla ya kuondoka na akayakuta hai. Tukashangaa, tukasifu, tukauita muujiza. Kuhani aliutaja katika mahubiri.

Basi ikafika gahambari ya mavuno. Gahambari ni sikukuu ambayo hakuna mtu wa Zarju anayekosa, kwa sababu chakula chake kinatoka kwenye wakfu za marehemu, na tajiri na maskini wanakula sinia moja. Wanaotoka Tehran walikuwa wamefika jana yake, magari yamejaa mpaka kwenye mashamba ya watu. Asubuhi kichochoro chote kilinukia mikate ya kukaanga. Mimi nilikuwa uani kwa nyumba ya moto nafagia, na nilikuwa nimeshampa mbwa kipande chake cha mkate, maana siku ya sikukuu mbwa anakula kabla ya watu. Ami alikuwa ameingia ndani kuuamsha moto.

Alitoka mapema mno. Kitambaa bado kiko mdomoni, koleo bado iko mkononi, na koleo haitoki mle chumbani hata siku moja. Akakaa kwenye ngazi. Nikadhani moyo umemsumbua, nikatupa ufagio.

"Morvarid," akasema, "njoo uingize mkono kwenye haya majivu."

Nikamwambia mimi siruhusiwi kuingia mle. Akasema leo hapakuwa na kitu cha kuchafua. Nikajifunga mtandio mdomoni, nikaingia, nikaweka mkono juu ya majivu, kisha ndani yake, mpaka kiganja kikagusa shaba ya chini. Yalikuwa baridi. Pembeni ya chungu, nje, palikuwa na makaa matatu manne meusi yaliyoanguka sakafuni. Nikaelewa hapo hapo. Jioni alipokuwa akiulaza moto, makaa mazuri yalidondoka nje na yeye hakuyaona, akafunika kwa uangalifu wake wote majivu yasiyo na kitu.

Nilitoka nje. Moto ambao wazee waliubeba kwa miguu jangwani, wakiukinga kwa nguo zao, umekufia mikononi mwa ami yangu, siku ya gahambari, watu wako mlangoni. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, vyote kwa pamoja, na nilitaka kulia lakini hapakuwa na nafasi.

Nikafikiri haraka. Nilikuwa na kiberiti mfukoni mwa aproni, na kuni kavu zilikuwa zimepangwa pale pale. Nikamwekea kiberiti kwenye kiganja na kumwambia kwamba hakuna aliyeona, na mimi mdomo wangu nitaushona. Kuni zitashika upesi, kuhani akifika atakuta moto unawaka, watu watakula, watafurahi, watarudi makwao. Moto ni moto. Kesho tutazungumza habari ya macho.

Akakishika kile kiberiti. Hakukirudisha, na hakukifungua. Akawa anakigeuza geuza kwenye vidole kama anavyogeuza ukuni kabla ya kuugonga. Ng'ambo ya ukuta tulisikia watoto wakikimbizana na mtu akiuliza sahani ziko wapi. Alikuwa na kijiji kizima cha kupoteza, na nilijua hivyo, na yeye alijua zaidi yangu. Hakuwa na kitu kingine. Bila kofia ile alikuwa mzee kipofu mwenye punda.

Akavuta kitambaa chini ya kidevu.

"Miaka yote nimefunga mdomo nisije nikauchafua kwa pumzi," akasema. "Halafu leo niuchafue kwa maneno?"

Nikamwambia hakuna maneno, ni kuwasha tu na kunyamaza. Akasema kunyamaza ndiko alikokuwa akikufanya, na matokeo yake yako mle ndani, baridi. Akanirudishia kiberiti changu na kuniomba nimshike mkono mpaka mlangoni. Kabla ya siku hiyo hakuwa ameniomba mkono.

Watu walikuwa wameanza kukaa kwenye mikeka. Kuhani Dinyar alikuwa amefika, na karibu naye Khodarahm, mwenyekiti wa kamati yetu, mtu mwema lakini mwenye kupenda kila kitu kiende kwa mpango. Sinia za matunda makavu, zabibu na lozi na tini, zilikuwa zimepangwa mbele yao zikisubiri kuombewa. Ami akasimama mbele ya sinia na kusema bila kuzungusha. Moto umekufa. Umekufa kwa sababu yeye haoni, na haoni tangu siku nyingi, na alijua, na alificha kwa kuwa aliogopa kuachishwa. Shemeji yake alimwambia na yeye akamfanya adui. Halafu akavua kofia nyeupe, lakini kwa kuwa hakujua pa kuiweka, akabaki ameishika kifuani.

Hakuna aliyesema kitu. Bibi mmoja akaanza kulia kwa sauti ndogo. Yupo mzee mmoja aliyesimama na kuondoka, na simlaumu. Khodarahm akamsogelea Ami, akamnong'oneza, lakini sauti yake ya kunong'ona inasikika kijiji kizima, kwamba jambo kama hili lingeweza kumalizwa kimyakimya na watu watatu wenye busara. Kuhani akainua mkono akamnyamazisha. Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu. Alimwambia Ami akae, na Ami akasema atasimama.

Ndipo mtu kutoka nyuma akapaza sauti: na meko ya Keshvar je?

Ungeona jinsi nyuso zilivyobadilika. Kweli bwana, tulikuwa tunalilia nini? Moto wa Keshvar umetoka kwenye moto ule ule, ni ndugu wa damu, na bado unawaka. Unachukua makaa yake, unayarudisha nyumbani kwao, na mnyororo haujakatika. Khodarahm akamshukuru Mungu kwa sauti. Watu wakasimama, wengine wakaanza kupiga makofi, na kundi zima likamiminika kichochoroni kwenda kwa Keshvar, Ami katikati yetu, mkono wake kwangu. Akaniuliza kama nadhani atampa. Nikamwambia Keshvar ana ulimi mkali lakini hana roho mbaya.

Tulimkuta Keshvar mlangoni kwake, unga hadi kwenye viwiko, alikuwa bado anakaanga. Khodarahm akamweleza, kwa furaha, kama mtu anayeleta posa. Moto mkuu umekufa, lakini wewe umetuokoa, mama, wewe na ukaidi wako.

Keshvar alimwangalia Ami.

"Ni kweli umewaambia mwenyewe?" akamuuliza. "Au wamekukuta?"

"Nimesema mwenyewe, shemeji," Ami akajibu.

Kilikuwa kitu cha kwanza wao wawili kuambizana baada ya muda wote ule. Keshvar akajifuta mikono kwenye nguo, polepole, kidole kimoja kimoja. Nyuma yake tuliweza kuona meko, na moto ukiwaka vizuri chini ya sufuria ya mafuta. Watu wote walikuwa wakiutazama huo.

"Huu nao niliuwasha kwa kiberiti," akasema. "Niliporudi hospitali niliukuta baridi. Nilitaka kuwaambia kesho yake, mkaja na maua."

Jamani. Sijui nikueleze vipi ule ukimya. Ule wa kwanza, wa uani, ulikuwa wa msiba. Huu ulikuwa wa watu waliokuwa wamekwishaanza kula na sahani ikaondolewa. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema mwanamke huyu angenyamaza tu, angepungukiwa nini? Na kweli angepungukiwa nini? Tulikuwa tumempa kila sababu ya kunyamaza. Angetupa makaa, tungembeba mabegani, na mpaka leo tungekuwa tunawasimulia wageni.

Nilimgeukia Ami nione amelipokeaje. Nilidhani ataanguka. Alikuwa anacheka. Siyo cheko la dhihaka, ni lile cheko lake la kukohoa, na machozi yanashuka. Akamwambia Keshvar kwamba tumekuwa wawili sasa, tuko wengi leo. Na Keshvar, ambaye sijamwona akicheka tangu dada yake azikwe, akaziba uso kwa mikono yake yenye unga.

Kuhani Dinyar ndiye aliyetuondoa pale. Tulimtegemea aseme kwa hasira, lakini alisema kwa utaratibu, kama mtu anayefikiri huku akiongea. Alisema moto wa kijiji kama wetu haukushuka kutoka mbinguni. Hapo mwanzo, watu walikusanya moto kutoka mahali pa kazi mbalimbali, kwa mwoka mikate, kwa mhunzi, kwa mkulima, wakausafisha, wakauunganisha, wakauombea siku nyingi. Waliofanya hivyo walikuwa watu wenye dhambi zao kama sisi. Basi tutafanya hivyo hivyo. Maombi yatachukua muda mrefu na makuhani wengine wataitwa, ila kukusanya tunaweza kuanza sasa. Mtu akauliza kama utakuwa moto ule ule. Akasema hapana, utakuwa mpya, na wakiulizwa umri wake waseme umri wake.

Hapo kijiji kikapata kazi, na watu wakipata kazi huwa wanapona nusu. Mwoka mikate akatoka na beleshi la makaa. Mhunzi akafungua karakana yake iliyofungwa kwa sikukuu. Kwa Keshvar wakachukua pia, kwa sababu kuhani alisema meko iliyopika chakula cha gahambari ni meko ya kazi, bila kujali iliwashwa na nini. Wakaniambia na mimi nilete, kwa kuwa ni mkulima. Nikasema kwangu kuna gesi tu. Kuhani akafikiri, akasema mkulima ni mkulima, lete. Kwa hiyo nilivuka uwanja wa nyumba ya moto na kijiti kilichowashwa kwenye jiko la gesi, watu wakinitazama, na vijana wa Tehran wakiniuliza kama nimefunga mtungi vizuri.

Makaa yakawekwa chini, ya kila mtu kwenye sinia yake. Namna ya kuyasafisha ni hii. Unachukua upawa wa chuma wenye matundu, unaweka vipande vyembamba vya kuni kavu, unaushika juu ya makaa bila kugusa. Kuni haziguswi na moto ule wa kazi. Zinashika kwa joto lake peke yake. Mwali unaozaliwa kwenye upawa ndio unaouchukua. Inataka mkono usiotetemeka, na uvumilivu.

Khodarahm akauliza swali ambalo sote tulikuwa tunalikwepa, nani atautunza. Ami akanyoosha ile kofia aliyokuwa ameishika muda wote na kusema Keshvar. Pakawa na minong'ono, wengine kwa sababu ni mwanamke, ingawa vijiji jirani wapo wanawake wanaotunza. Keshvar mwenyewe akakataa. Alisema amedanganya juu ya moto kijiji kizima, hata kuhani. Ami akasema na yeye pia, tofauti ni kwamba yeye Ami alikuwa amebanwa, majivu yako pale, wangejua siku moja. Keshvar hakuwa amebanwa na yeyote. Kuhani alichukua kofia kutoka mkononi kwa Ami na kumpa Keshvar, na Keshvar akaivaa juu ya mtandio wake, imekaa upande. Mimi nilimnyooshea.

Halafu kuhani akamwomba Ami aushike upawa wa kwanza. Nilitaka kumkatalia, mtu haoni, tumwonyeshe huruma jamani. Lakini Ami alikuwa amekwishapiga magoti na kufunga kitambaa chake mdomoni. Alinyoosha mkono ukaenda kando, mbali na makaa ya mhunzi. Keshvar akapiga magoti karibu naye, akamshika kiwiko, akausogeza mkono mpaka upawa ukawa juu ya joto. Ami akatulia. Hiyo kazi mkono wake uliijua.

Watu wakasogea. Hata yule mzee aliyeondoka alikuwa amerudi, amesimama langoni. Vipande vya kuni vilianza kubadilika rangi, kisha moshi mwembamba ukapanda ukampiga Ami usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuitwa jina. Tulikuwa tunamtakia mema kuliko tulivyowahi kumtakia mtu. Neno moja tu la kumfurahisha lilitosha, na nadhani kila mtu pale uwanjani alikuwa nalo mdomoni, mimi wa kwanza.

"Unawaka?" Ami akauliza.

"Bado," Keshvar akasema. "Ni moshi tu. Subiri."

Ami akaitikia kwa kichwa, akaushika upawa vizuri zaidi, na sote tukasubiri pamoja naye.